Kibao cha Mwanahawa Kimeushika Mwezi

Binti yangu Mwanahawa kausimamisha mwezi, jamani.

Assalamu alaykum, habari imenitoka kabla ya salamu.

Darubini tulikuwa nayo, ila mwezi ulikuwa haukai. Baba yake, hadi afike na mkongojo wake, ushatoka kwenye kioo. Anacheka, "Umeona mzee, umenikimbia."

Basi mtoto akaunda kibao cha kuikalishia darubini, kwa mota ya printa mbovu, kigeuke pamoja na anga. Michoro ya mtandaoni ni ya Ulaya, mhimili wa kuzungukia kibao umeinuka juu. Wa huku Tanga unalala karibu na chini. Kang'amua mwenyewe, mwanangu huyo.

Leo baada ya Magharibi tukakijaribu. Nikatazama, majirani wakatazama, mwezi uko palepale.

Nami kwa mazoea nikaita, "Baba Mwanahawa, njoo, leo hauendi popote."



Nilisahau kwamba tumeshamzika.

Mwanahawa akasema, "Mama, tusiiguse kwanza." Tukasogea, tukamwachia baba yake nafasi.

Hitma ya arobaini ni Ijumaa baada ya Alasiri, hapa Nguvumali. Bakini hadi Magharibi. Mwenye mkongojo aje polepole, mwezi utamngoja.