Bibi wa Mayai na Mama wa Sambaza

Kwenye karakana niliyojifunzia kuchora, hapa mtaa wa Keshero, Goma, kulikuwa na ukurasa mmoja uliopigwa misumari minne ukutani. Padri mmoja aliuchana kwenye kitabu chake kilichoharibiwa na mvua, akampa mwalimu wangu. Ilikuwa picha ya mchoraji wa Uhispania wa karne za nyuma: bibi kizee, kitambaa cheupe kichwani, anakaanga mayai kwenye chungu cha udongo juu ya makaa. Basi, hakuna zaidi. Kila mwanafunzi mpya alilazimishwa kuyachora mayai yale mpaka mtu aone ute unaanza kuganda. Mimi yalinichukua miezi mitatu, nikayachukia kwa moyo wote.

“Huyu muzee alifundisha dunia muzima,” mwalimu alikuwa akisema juu ya mchoraji huyo. Alitusimulia kwamba Mhispania mwingine, mchoraji mkubwa naye, aliyezaliwa mamia ya miaka baadaye, alijifungia akaichora upya picha moja ya huyu wa kwanza, akairudia na kuirudia. “Hakuna mutu alimuambia anaiga. Walisema anaendeleza.”

Mwalimu alishafariki. Ukurasa nimeurithi mimi, na sasa wanafunzi wangu nao wanayachukia mayai yaleyale.

Mwaka jana nilimchora mama anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, pale Kituku, kwenye soko la ufukweni. Nilikaa karibu na karai lake asubuhi tisa, naye akinigombeza kwamba nawazibia wateja njia. Nilitaka mafuta yake yaonekane yanachemka, kama mayai ya yule bibi yanavyoonekana yanaganda. Mumewe, karani mstaafu wa bandarini, alikuwa akipita kukagua kazi. Siku moja aliinama, akaangalia sana, akasema, “Hii mukono ni yake kabisa.” Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Mama mwenyewe aliomba kitu kimoja tu: siku watu watakapokuja kuitazama picha, naye aje. Nikamwahidi.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka Kinshasa, aliyetumwa kuchagua picha za maonyesho ya wachoraji wa Goma. Alisimama mbele ya picha yangu, mikono nyuma.

“Ni nzuri,” akasema kwa Kifaransa. “Lakini vita viko wapi?”

Nikamwambia kwenye karai hakukuwa na vita, kulikuwa na samaki. Akasema picha inanukia Ulaya, kwamba watu wanataka kuiona Goma. Goma! Mimi nimezaliwa juu ya mawe haya meusi ya volkano, nimekimbia na godoro kichwani zaidi ya mara moja, na yeye aliyefika juzi ananifundisha Goma. Kwani nchi ya yule Mhispania haikuwa na vita? Ilikuwa navyo tele. Mbona hakuna anayemuuliza yule bibi mume wake aliuawa na nani? Anaachwa akaange mayai yake kwa amani, na wachoraji kizazi baada ya kizazi wanakwenda kujifunza mwanga kwake. Sisi tunadaiwa damu kwanza, ndipo tuitwe wachoraji. Ilinichoma, na mpaka leo inanichoma.

Hayo yote ningemwambia pale pale. Sikumwambia. Alipouliza, “Huyu mama amefiwa?” nilijibu kwa kuudhika, “Hapa nani hajafiwa?” Akaandika kitu kwenye daftari lake, picha ikapita. Sikuuliza ameandika nini. Nilikuwa na furaha ya kupita.

Siku ya ufunguzi Mama alikuja na kitenge kipya, mumewe na koti na tai. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye picha. Chini yake palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa za Kifaransa: Mjane wa vita.

Muzee alivaa miwani, akasoma. Akasoma tena kwa sauti, akamtafsiria mkewe. Halafu akageuka.

“Mimi nilikufa siku gani?”

Watu wakacheka. Muzee hakucheka. Alitoa kalamu ya bic mfukoni, akayakata maneno yale kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake “Mama anakaanga sambaza”, na pembeni akatia sahihi fupi, kama makarani wanavyofanya wakisahihisha kosa kwenye hati. Bwana wa Kinshasa akaja mbio, akipiga kelele kwamba hakuna ruhusa ya kuandika pale.

“Nilifanya kazi ya makaratasi maisha yangu yote,” muzee akamjibu. “Karatasi ya uongo inasahihishwa.”

Hapo na mimi nikalipuka. Nilimwambia yule bwana mbele ya wageni wote kila nililokuwa nimelimeza, la mayai, la Uhispania, la godoro, mpaka pumzi zikaniishia. Nilijiona shujaa wa Mama.

Mama akanishika mkono, akaniita kwa heshima ya huku kwetu.

“Papa, uyu alijua wapi mambo ya kufiwa? Ni nani alimuambia?”

Nikamjibu kwamba ni mimi.

Hakunitazama. Aliitazama picha: karai, mafuta, mikono yake mwenyewe.

“Niko na watu nilizika, papa,” akasema. “Lakini zile siku ulinichora nilikuwa nakaanga sambaza tu.”