Sauti Isiyovuta Pumzi

Jina langu sitakuambia. Usidhani naringa, wala usidhani ni kisa cha kutunga ndiyo maana najificha. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini mtu mzima, mwenye kitambulisho na nyumba ya kupanga kule Matisi, mtaa wa Kitale, anaogopa kulitaja jina alilopewa na mamake. Yaliyonipata yalinipata mchana kweupe, Jumapili, watu wakiwa kanisani. Na mimi sinywi. Hata busaa, ile pombe ya matangani, huwa nawaachia wenyewe.

Kazi yangu ni kunasa sauti. Nilianza na kwaya na harusi za kule Kitale, baadaye nikapata kazi na studio moja ya Japani inayotengeneza muziki na sauti za michezo ya video. Ndiyo, Japani. Ukicheza mchezo ukasikia mlango ukilia, au mvua ikipiga bati, usifikiri kompyuta imejitungia. Kuna mtu mahali fulani alikaa na maiki akainasa. Mvua ya Cheptais nimewatumia, na kwato za punda wa Matisi pia. Nikiwa mdogo nilikuwa nikisimama nje ya chumba cha michezo ya video pale mjini, nafukuzwa kama nzi, nikisikiliza tu zile sauti za ndani. Sasa zangu zingesikika humo. Niambie wewe, ungekosa kuvimba kichwa?

Mkubwa wangu kule studio ni Bi Harada, mama mpole anayesimamia maktaba yao ya sauti. Hatujawahi kuonana ila kwa simu ya video. Ana sheria moja asiyoilegeza: kabla ya kunasa chochote, piga kofi moja mbele ya maiki, taja namba ya rekodi, taja kitu, taja mahali, halafu taja jina lako kamili. Hata kama ni kijiko kinakoroga chai. Bila hivyo, sauti ikifika Japani ni yatima, hawajui imetoka wapi. Nilizoea mpaka mkono ukawa unapiga kofi wenyewe.

Lazima nikuambie pia kuhusu mama. Mama anaishi peke yake Bumula, kule Bungoma. Presha ya macho ilimpofusha miaka kadhaa iliyopita, kwa hivyo watu anawajua kwa sauti. Jirani yetu Nekesa humpikia asubuhi na jioni, lakini mchana mama hufunga mlango kwa ndani na hafungulii mtu ovyo. Mimi nilikuwa nikiita "Mama!" mara moja tu kutoka langoni, nasikia anaitikia "papa", anavyomwita mwanawe tangu utoto, na komeo limeshatoka. Sauti yangu ndiyo ilikuwa ufunguo wa nyumba ile.

Basi, Bi Harada akaniandikia kwamba wanatengeneza mchezo wa mtu anayerudi kijijini kwao akakuta nyumba zote tupu. Wanataka mlango wa mbao wa zamani, wa nyumba isiyo na watu. Mimi mlango huo nilikuwa naujua. Karibu na kwa mama kuna mahame, boma ambalo wenyewe walihamia Trans-Nzoia kabla sijazaliwa na hawakurudi tena. Nyumba imebaki imesimama, na mlango wake ukiguswa unalia kama mtu.

Tulipokuwa watoto mama alikuwa na neno moja kuhusu pale. "Mahame hayasalimiwi. Ukipiga hodi, nani atakujibu? Na akikujibu je?" Tulikuwa tunapita mbio, midomo imefungwa. Lakini mtu akishasoma na kupata barua pepe kutoka Japani, maneno ya mama huyaweka wapi?

Nilichagua Jumapili saa nne kwa sababu za kikazi. Posho mill ya kusaga unga imefungwa, pikipiki ni chache, kila mtu yuko ibadani. Kulikuwa kimya kizuri sana. Nikasimamisha maiki mbele ya mlango, nikavaa hedifoni, nikapiga kofi, nikataja namba ya kumi na tatu, nikataja mlango, Bumula, na jina langu lote. Nikausukuma mlango. Ukalia vizuri, mpaka nikatabasamu.

Nilipovua hedifoni nikasikia mtu anapukuchua mahindi nyuma ya nyumba. Unajua sauti hiyo, punje zikianguka kwa karai, twa, twa, twa. Nikazunguka. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa koti jeusi la suti kwenye jua lile, gunzi mkononi, karai katikati ya miguu.

"Mulembe, mzee," nikasema. Hapo nilikuwa nimeshakosa mara mbili, nimejitaja na nimesalimia.

"Mulembe sana. Karibu, kijana. Endelea tu na kazi yako."

Nikafikiri labda ni mlinzi wa shamba. Tena nikafurahi, maana mahindi kwenye karai ni sauti nzuri, hata ya mvua unaweza kuitumia. Nikaleta maiki, nikavaa hedifoni. Nikamwona mzee akisugua gunzi, vidole vinakwenda. Lakini masikioni sikusikia chochote ila njiwa mbali. Nikakagua waya. Mshale wa kipimo haukutikisika. Nikavua hedifoni: twa, twa, twa. Nikavaa: njiwa. Nikavua: twa, twa. Niamini, nilirudia mara nne, na kila mara ilikuwa vile vile.

"Hapo mbele umesema wewe ni nani?" mzee akauliza. "Hii masikio yangu ni ya zamani. Sema tena."

Ningekimbia pale, lakini mwili ulishika ulichozoea. Mkono ukapiga kofi. Mdomo ukasema namba ya kumi na nne, mahindi, Bumula, na jina langu kamili. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa mzigo aliokuwa akiusubiri. Kisha akafungua kinywa akalitaja jina langu. Kwa sauti yangu. Sijasema sauti inayofanana na yangu, nimesema yangu. Na mara hii nilimsikia ndani ya hedifoni, na mshale ukaruka.

Unaona? Kabla ya kupewa jina, mashine haikumsikia. Baada ya kulipata, ikamsikia.

Nikaangalia karai. Lilikuwa tupu, halina hata punje. Gunzi mkononi mwake lilikuwa limejaa mahindi yake yote. Nikakumbatia kinasa sauti, nikaacha standi na mfuko, nikatimka.

Kwa mama si mbali, dakika kumi ukikimbia. Nikaita langoni. Komeo halikutoka. Nikaita tena.

"Kwani umesahau nini tena?" mama akajibu kutoka ndani, kwa hasira kidogo. "Si umetoka hapa saa hii?"

"Mama, mimi ndiyo nafika."

"Usinichezee, papa. Umeniita hapo kwa dirisha, ati nitoke twende unigusishe mlango wa zamani. Nikakwambia ngoja nitafute fimbo. Nikafungua, hakuna mtu."

Nililia, sikufichi. Nilimshika mama mikono yote miwili pale mlangoni nikalia, naye akaniuliza nani amekufa.

Jioni nilirudi Kitale, kichwa hakiko sawa, na kwa mazoea nikazipakia rekodi za siku ile zikaenda Japani bila kuzisikiliza. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote. Asubuhi nikakuta barua ya Bi Harada imejaa sifa. Rekodi ya kumi na nne, akasema, imewashangaza wote studio. Kuna sauti yangu karibu na maiki, halafu kuna sauti yangu tena kutoka mbali kidogo, ikitaja jina. Akauliza: ya pili umefanyaje? Kila mtu huvuta pumzi kabla ya kusema, hata kidogo, na wao kazi yao ni kuisikia hiyo pumzi. Ya pili haina. Wanataka kuitumia kwenye mchezo, mlangoni, mchezaji anapoingia nyumba tupu.

Nikaisikiliza. Ilikuwa vile alivyosema. Nikazima, nikaenda kukaa nje kwenye jua na watu.

Kuanzia hapo yule wa mahame aliendelea kumwendea mama. Kila mara ni mchana, kila mara Nekesa akiwa hayupo, kila mara ni maneno yale yale: "Mama, toka, twende." Siku moja Nekesa alimkuta mama ameshafika kwenye lango la mahame, fimbo mkononi, anatabasamu, anaongea peke yake.

"Nirimshika nikamrudisha kwa nguvu," Nekesa aliniambia kwa simu, akihema. "Ati anasema wewe uko mbere yake. Mimi sioni mtu, bana! Kuja umchukue mama yako."

Nikamleta Matisi. Alikaa siku tisa. Ya kumi nilikuwa mjini kununua sukari, akasikia mwanawe anamwita kutoka barabarani. Mke wa mwenye nyumba alimkuta katikati ya lami, malori yakipiga honi. Jina ndilo alilochukua yule, na jina liko popote nilipo. Mama akasema kama ni hivyo basi arudi kwake, angalau kule anajua njia zake. Nikamrudisha Bumula.

Ndipo nikakumbuka neno la Bi Harada. Nikakaa na mama chini, nikamwambia, "Nikikuita, usisikilize sauti. Sikiliza kabla ya sauti. Kama hakuna pumzi, si mimi."

Mama alifikiri sana. "Kumbe ndiyo maana," akasema. "Nirikuwa nasikia kitu inakosa, sijui ni nini."

Na ikafaa! Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yule anaita, mama anasikiliza, anamwambia kwa dirisha, "Wewe hupumui, enda zako." Alifika hata mahali pa kumcheka. Mimi nami kila nilipokwenda, nilisimama langoni nikavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, ndipo niite. Tulikuwa tumemshinda, au ndivyo nilivyodhani.

Nikamwandikia Bi Harada mambo yote, bila aibu, nikamsihi aiondoe ile rekodi. Alichelewa kujibu. Alipojibu, alijibu kwa heshima sana. Alisema ananiamini, lakini mchezo umeshakamilika na sauti zimeshafungwa ndani, haziwezi kutolewa. Hata hivyo nisiwe na wasiwasi kuhusu ile kasoro. Kijana mmoja wa studio aliona sauti bila pumzi inawasumbua wasikilizaji, kwa hivyo alichukua pumzi yangu kutoka rekodi nyingine, akaiweka mbele ya jina. Sasa inasikika kama mtu kabisa.

Niliisoma barua hiyo nimesimama. Nikampigia mama wakati huo huo.

"Uko salama?" nikamuuliza.

"Niko salama, papa. Hata jana nirifurahi. Ulipokuja ulikuwa unapumua vizuri."

Jana sikuwa nimetoka Kitale.

"Ulimfungulia?"

"Si ni wewe?" mama akasema. Kisha nikasikia anaanza kuelewa. "Nirifungua, lakini niriponyoosha mkono nikushike, nirishika hewa tu. Nikafikiri umeenda chooni."

Usiku huo huo nilihamia Bumula. Nekesa sasa huja mchana, asubuhi na jioni niko naye mimi. Yule mpaka leo hana mikono ya kushikika, ana sauti tu, kwa hivyo tumekubaliana na mama hivi: mwanawe haongei. Nikifika namshika kiganja, nakandamiza mara tatu, anajua. Akisikia sauti yangu, iwe na pumzi au isiwe nayo, anajua si mimi, na hafungui. Kwa hivyo simwiti mama. Yeye ananisimulia mambo yake yote, nami namjibu kwa vidole. Juzi aliniomba niseme neno moja tu, lolote, amesahau ninavyocheka. Nilimshika kiganja nikakandamiza, na machozi yakaangukia mkono wake, akayapangusa kwa leso yake.

Mchezo ule uko sokoni, na vijana wa Kitale wanaucheza. Wewe ukifika kwenye nyumba tupu, ukasikia mtu anajitaja jina mlangoni, tafadhali usilirudie kwa mdomo wako, usije ukampa yule sauti yako pia. Na ukipita mahame, hata kama una kazi ya nani, hata kama una haraka gani, usipige hodi na usijitaje. Pita kimya, umwahi mamako nyumbani, umwite kwa sauti yako angali anaijua.