Walikuja Kunifungua Waya

Siku ndugu wa mume wangu walipokuja kunikomboa kutoka utumwani, nilikuwa nimekaa zangu kazini natengeneza simu.

Mimi ni fundi simu. Mume wangu pia. Tuna kibanda kimoja, meza mbili, na feni inayozunguka ikijisikia. Ndoa yetu ilikuwa bado mbichi.

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuja na simu yake ndani ya kopo la mchele. Ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia.

"Mwanangu, humu mna sauti ya marehemu," akasema. "Simu nyingine nitapata. Ile sauti sina pengine."

Marehemu ni baba mkwe. Sikumkuta.

Mume wangu alikuwa ametoka kutafuta vipuri. Nikavaa mkanda wangu wa mkononi, nikabana waya wake kwenye bomba la chuma lililozama ardhini, nikafungua simu.

Kwa wasiojua: mwili hujikusanyia umeme, hasa ukivaa nailoni. Ni ule unaokushtua ukigusa kitasa. Wewe unashtuka tu, ila bodi ya simu inakufa kimyakimya. Ule waya unauondoa umeme mwilini kabla haujaleta balaa.

Mama mkwe akautazama waya. Akautazama mkono wangu. Akalitazama bomba.

"Huwa anakufunga hivi kila siku?"

"Kila siku, mama. Bila hivi haniruhusu kugusa kazi."

Nilijibu macho yakiwa kwenye bodi. Nilidhani tunaongelea usalama.

Akaondoka bila kuaga.

Chai yangu haijapoa, mlango ukajaa watu.

Mbele baba mdogo, na koleo la kukatia vyuma. Nyuma yake shangazi, gauni la nailoni, sweta la manyoya, kila akipiga hatua nguo zinatatarika. Mama mkwe analia.

"Usiogope, mkwe wetu," baba mdogo akasema. "Yule kijana tulimlea vibaya, ila leo yamekwisha."

Kacha. Waya chini.

Shangazi akanyoosha mikono anikumbatie. Na bodi bado nimeishika.

"Shangazi, usiniguse."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Ameshamharibu akili."

Nikailaza bodi taratibu juu ya mkeka wa kazi. Muda wa kueleza haukuwepo.

"Kila mtu ashike nondo za dirisha."

Sauti ilitoka kali hadi mwenyewe nikaiogopa. Shangazi akatangulia. Cheche ikamchapa kidoleni, akaruka.

"Hiyo," nikamwambia, "ndiyo ilikuwa inakwenda kuua sauti ya kaka yako."

Hakuna aliyeachia nondo tena.

Mume wangu akarudi na vipuri, akakuta mama yake, shangazi yake na baba yake mdogo wameng'ang'ania dirisha kama mahabusu, na mkewe kipande cha waya kinaning'inia mkononi.

Akaweka vipuri chini.

"Nani amewafunga?"

"Mkeo," shangazi akajibu.

Mume wangu akaunga waya wangu, nikaendelea na kazi. Jioni simu ikawaka. Mama mkwe akaitafuta ile sauti, sote tukainama kusikiliza. Nilitegemea wosia, au walau dua.

Ukatoka mkoromo.

Mkoromo mzito, wa mtu aliyeshiba na asiyedaiwa na dunia.

Baba mdogo akakohoa. "Maneno yanakuja mbele?"

"Maneno gani? Nyamazeni, hapa anakaribia kugeuka."

Ndani ya simu kitanda kikalia. Mama mkwe akafumba macho, akatabasamu.

"Maisha yangu yote nilimlalamikia, akawa anabisha," akasema. "Nikamrekodi niwe na ushahidi. Sasa nisipousikia, usingizi hauji."

Shangazi akavua sweta, akajifuta nalo machozi.

Jamani, ukimkuta fundi amejifunga waya, muulize kwanza kabla hujaita ukoo. Na ukiwa na sauti ya mtu wako kwenye simu, hata kama anakoroma tu, ihifadhi na mahali pengine. Leo, si kesho.