Kuacha Ofisi, Kufuata Rashi

Mwaka ule mwili wangu ulikuwa Shinyanga mjini, kwenye ofisi ya serikali, chumba cha mafaili, lakini akili ilikuwa machimboni. Nilikuwa karani wa masijala. Faili likiombwa nalitoa, likirudi nalipanga, na katikati ya hapo nafuta vumbi na kusikiliza feni. Jumamosi na Jumapili nilikuwa mtu mwingine kabisa: nauza mchele na maharage kwa wachimbaji wadogo maeneo ya Bulyanhulu, sauti juu, mikono haitulii. Jumatatu nikirudi kitini, mguu unacheza wenyewe chini ya meza, hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nina minyoo.

Nilitaka kuacha kazi. Nililala na wazo hilo chumbani kwangu mtaa wa Kambarage, nikaamka nalo, na kila mshahara ulipoingia nikajiambia, ngoja kidogo. Kilichonishika si mshahara peke yake. Ni baba. Baba yangu ni mfugaji, Msukuma wa kijijini, na aliuza ng'ombe ili mimi nisome huku ndugu zake wakimcheka kwamba anasomesha mke wa mtu. Nilipoajiriwa, wakanyamaza. Tangu hapo hakupita mnadani bila kunitaja. Mtu akimwambia mwangaluka, yeye anaitikia salamu na papo hapo anaongeza kwamba binti yake yuko serikalini. Kazi yangu aliiita ng'ombe asiyeugua. Sasa wewe niambie, mzazi kama huyo unamwendea na maneno gani?

Basi nikafanya kosa ambalo ni mtu wa ofisi tu anayeweza kulifanya. Nilijidanganya kwamba nikijenga kibanda cha maana kule machimboni, hofu itaniisha na uamuzi utakuja wenyewe. Wenzangu wote walikuwa na miti minne na turubai. Mimi nikajenga kwa matofali ya kuchoma, nikaweka mlango wa bati wenye kufuli, na chini nikasakafia kwa saruji. Fundi mwenyewe alikuwa anasawazisha huku anacheka. Kibanda kilichopakana na changu kilikuwa cha mwanamke wa Kigoma, mpika chapati, ambaye siku za kazi, mimi nikiwa ofisini, ndiye aliyekuwa akiniuzia mchele wangu uliobaki. Alikuja akasimama mlangoni, akavua kandambili, akakanyaga ile sakafu taratibu kama anapima maji ya kuoga.

“Ofisi,” akasema, maana hilo ndilo jina walilonipa, “hii unamsakafia nani?”

“Wateja.”

“Wateja wa huku wanatembea, mdogo wangu. Watakuachia saruji yako uipige deki.”

Wanawake wa mstari mzima wakacheka. Nikacheka nao, lakini moyoni nilinuna. Niliwaona wao ndio wasio na mipango.

Haikupita muda mrefu. Jumamosi moja nilishuka na magunia yangu, nikashangazwa na kimya. Mashine za kusagia mawe hazingurumi. Redio hazisikiki. Kule, zikija habari kwamba mahali fulani dhahabu imeonekana, watu wanahamia huko wote kwa mkupuo, na mhamo huo ndio tunauita rashi. Neno nilikuwa nalijua, ila nguvu yake sikuwahi kuiona kwa macho. Shimo moja lilikuwa limetema dhahabu huko porini upande wa Geita, na wachimbaji walikuwa wamebeba sururu, maturubai na magodoro yao, wakaacha mashimo na mbwa. Kibanda changu kilibaki kimesimama peke yake kama choo cha shule. Niliona aibu, kisha nikashikwa na hasira, na wa kumkasirikia hayupo.

Yule jirani yangu alikuwa anafunga masufuria. Turubai lake lilishakunjwa, na Fuso lilikuwa linapakia mizigo ya wanawake wenzake.

“Unakuja?” akaniuliza.

“Jumatatu nina kazi.”

“Haya, nenda kazini.”

Hakunitania wala hakunibembeleza. Alikuwa na haraka zake, akageuka kunyanyua jiko. Nikasimama pale na magunia yangu miguuni. Nilimwona baba mnadani akiinua kidevu. Nililiona lile feni likizunguka. Nilitaka mtu mwingine aniamulie, hata utingo wa lile gari. Utingo akapiga bodi, dereva akawasha. Nikasema potelea mbali, nikamwambia utingo anisaidie kurusha gunia la kwanza.

Huko tulikokwenda hakukuwa na kitu isipokuwa vichaka na watu. Watu wanachimba, watu wanagombania mipaka, watu wana njaa. Niliuza nimesimama, napima kwa kopo moja kwa moja kutoka kwenye gunia, na mchele ukaisha jua likiwa bado juu. Nikaagiza mzigo mwingine kwa dereva wa Fuso. Jumatatu ilipofika sikupanda gari. Jumanne nayo ikanipita hapo hapo. Kila nilipokumbuka ofisi, mteja anakuja na sufuria lake, nasahau. Mtandao wa simu haukuwepo, kwa hiyo nilijua wananitafuta hawanipati. Nilikuwa nimeshawaona kichwani, mkuu wangu amefura, barua ya onyo iko mezani.

Alhamisi nilirudi mjini, nikaingia ofisini na maelezo niliyoyapanga njia nzima. Mwenzangu wa meza ya pili akanisalimia, akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Baadaye mkuu akaja mwenyewe kuomba faili. Nikampa. Akasema asante, kama siku zote, akageuka kuondoka.

“Mkuu,” nikamwita, “mimi sikuwepo tangu Jumatatu.”

Akainua macho kutoka kwenye simu. “Hukuwepo? Pole. Ulikuwa unaumwa?”

“Nilikwenda kuuza mchele porini.”

Akacheka sana, akadhani namtania, akaenda na faili lake.

Niliumia. Nasema kweli, nilitamani kugombezwa. Miaka yote nimeogopa kuacha kile kiti, kumbe kikiwa kitupu na kikiwa na mimi kwao ni sawa tu. Nilifunga mlango wa masijala nikalia, nikapangusa uso, na siku hiyo hiyo nikaandika barua ya kuacha kazi.

Nikaenda nyumbani kumwambia baba. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Wamekufukuza?”

“Hapana, baba. Nimeacha mwenyewe.”

“Uliiba kitu?”

“Hapana.”

Nadhani ningekuwa nimeiba angenielewa kwa urahisi zaidi. Aliinuka akaenda kutazama ng'ombe, na habari hiyo hatukuizungumza tena.

Sasa ninafuata rashi. Nina turubai, masufuria, na begi ambalo halifunguliwi lote. Iko miezi naukumbuka mshahara hadi nauota. Lakini nikisikia watu wananong'ona kwamba kuna mahali pametema, nasimama kabla sijaelewa ni wapi.

Nikienda kumsalimia baba, nashukia stendi, naomba chumba cha nyuma kwa muuza soda mmoja. Navua mabuti, nasugua matope kwenye kucha, navaa gauni la ofisini na viatu vya kisigino. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa na wenzake wa mnadani, nikapiga magoti.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Akavitazama viatu vyangu, akawatazama wenzake, kisha akapaza sauti kidogo ili wote wasikie. “Ofisini hawajambo?”

“Hawajambo, baba.”