Vifungo Visivyo na Matundu

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na mtaani anaitwa Marehemu. Jina alipewa na fundi viatu wanayekaa naye kibaraza kimoja, wiki ile mjomba aliporudi kazini baada ya mshtuko wa moyo. Watu wamezoea kwamba mtu akishikwa na moyo, habari inayofuata ni ya mchango wa mazishi. Huyu karudi kwa miguu yake, kavua koti, kauliza nani kagusa mkasi wake. Fundi viatu akamwambia, "Karibu, Marehemu," na jina likaganda. Mjomba hakukasirika. Anasema afadhali kuitwa marehemu wakati bado unaweza kuitika.

Siku yenyewe alikuwa anamalizia suti ya bwana harusi. Kifua kikabana, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito kama si wake. Akasema ni gesi. Akanywa soda, akatia mikono ya koti, akapiga pasi, akamkabidhi mwenyewe. Hospitali alifika kesho yake. Bwana harusi alipendeza kweli, ila kipande cha moyo wa mjomba kilikuwa kimeshakufa. Daktari hakumpambia maneno: kilichokufa hakirudi, kilichobaki kitabeba kazi yote, kwa hiyo kisaidiwe kisichoke. Mitambo ya kuzibua mishipa haikuwepo pale wala jirani na pale. Vilivyokuwepo ni vidonge vya aina tano na kliniki kila mwezi, maisha yote.

Hapo kwenye "maisha yote" ndipo wengi wetu tunapokwama. Kuugua tunakujua, kupona tunakujua. Kumeza dawa miaka nenda rudi huku unabishana na watu kuhusu mpira, hilo linaonekana kama uchuro. Mjomba alijitahidi. Vidonge vinne alivimeza nyumbani bila kukosa, miaka minne. Kilichomshinda mwishowe ni cha tano, cha kupunguza maji mwilini.

Kadi iliandika: asubuhi, baada ya kula. Mjomba hufungua saa mbili na hunywa chai palepale kibarazani saa tatu, basi mkaza mjomba akawa anamfungia kidonge kwenye karatasi pamoja na kitafunio. Akimeza saa tatu, saa nne mkojo umeshaanza kumfukuza. Choo kipo upande wa pili wa soko, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi ni mtu wa kutafutwa. Mara tatu, mara nne kabla ya adhuhuri. Siku moja aliporudi alikuta kitambaa cha mteja kimeondoka bila kuaga. Siku nyingine mteja mwenyewe ndiye aliyeondoka, kaenda kwa fundi wa mtaa wa pili.

Kuanzia hapo mjomba akawa anakunywa chai, anakula, na kidonge anakitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Kutupa dawa aliona dhambi.

Miguu haikuchelewa kusema. Ikajaa, viatu vikakataa, akahamia kwenye kandambili. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Akawa analala kwa mito mitatu ili pumzi isimkatike. Kliniki wakamuuliza kama anameza dawa zote. Akajibu ndiyo, maana angesema hapana wangeuliza kwa nini, na akiwaeleza, alidhani wangemwambia: basi acha kazi. Daktari akaamini moyo unazidi kuchoka, akaongeza kidonge cha maji kuwa viwili. Kopo likaanza kujaa mara mbili zaidi. Mkaza mjomba naye, akiona miguu ile, akatamka wazi kwamba mwisho wa mwezi cherehani inauzwa. Kwake kuuza cherehani na kuchimbiwa kaburi vilikuwa safari moja, tofauti ni nauli.

Wiki hiyohiyo sista wa kliniki akaja kibarazani kufuata sare zake. Moja ilipungua kifungo. Mjomba alikuwa anahema kwa kule kuinama tu kupima pindo, akamwambia achague mwenyewe kwenye kopo lile pale. Sista akatia mkono, akatoa cheupe kimoja, akakigeuza. Akatoa cha pili. Mwishowe akamwaga kopo lote juu ya meza ya kukatia.

"Fundi, vifungo vyako hivi havina matundu."

Fundi viatu, ambaye kukaa kimya kwake ni adhabu, akasema huenda ni vya sare za marehemu wenzake.

Sista akahesabu kwa kidole. Vidonge vilikuwa sitini na saba. Akamuuliza taratibu, bila kumfokea, na mjomba akatoa yote: choo, mlinzi, kitambaa, mteja. Akamalizia kwa kumwomba asimwambie daktari, wasije wakamkataza kazi.

"Wewe ndiye unayejikataza kazi," sista akamwambia. "Daktari kaongeza dawa kwa sababu anadhani unameza. Na nani alikuambia kidonge hiki lazima kisubiri chai?"

Kadi ndiyo iliyosema, si mtu. Hakuuliza, nao kliniki hawakuuliza anafanya kazi wapi wala choo kiko umbali gani. Jumatano akaenda kliniki na kopo lake mkononi. Daktari alilifunua, akachungulia ndani. Akarudisha dozi kuwa kidonge kimoja, kimezwe saa kumi na moja alfajiri mjomba akiamka, na kibaraza kifunguliwe saa tatu badala ya saa mbili. Fujo za mkojo ziishie nyumbani, choo kilipo hatua kumi.

Ikabaki kumwambia mkewe. Alimwambia jioni hiyo, kopo likiwa mezani. Mkaza mjomba hakupiga kelele. Alisema kitu kimoja, kwamba mwezi mzima kila akimfungia chakula alikuwa anamuaga. Kisha akaingia jikoni, na kwa siku mbili mjomba akawa anaongea na redio.

Ndani ya majuma mawili miguu ilishuka, viatu vikakubali. Mito ikabaki miwili. Moyo haujapona na hautapona, sista kalirudia hilo asije akajidanganya. Lakini cherehani haikuuzwa, na huu ni mwaka wa sita tangu ashikwe na moyo.

Kilichobadilika ni kwamba sasa dawa anaimeza mbele ya mkewe, kasimama, taa imewashwa, na akishameza lazima aonyeshe ulimi, juu na chini.

"Mimi si mtoto, mama watoto."

"Mtoto ningemwamini. Fungua mdomo."