Matairi ya Dada wa Pikapu

"Ukimfungia dada wa pikapu hayo magumu, hutamwona tena mpaka mimi niote meno mapya!" nilimfokea muuza matairi. "Mpe laini, arudi upesi."

"Bibi, acha uchokozi. Anabeba saruji kwenye mawe makali. Yakimpasukia mlimani je?"

Huyu, kila dizeli inaponguruma barabarani, hujifuta mikono kwenye shati akidhani ni pikapu ya dada huyo, hata likiwa lori la taka. Sasa alibonyeza kila tairi kwa dole gumba, akagonga ubavu wake, akasikiliza kama daktari wa vifua, kisha akaviringisha manne mazito kuliko yote.

"Haya atakaa nayo miaka," alisema taratibu.

"Na wewe utakaaje miaka hiyo bila kumwona?"

Alifungua mdomo anijibu, dada mwenyewe akaingia, funguo mkononi.