Kituo Kisichokuwa na Malalamiko

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia mtu anapiga hodi mlangoni inanirudia mwilini. Naikumbuka leo kwa sababu nimeambiwa umepata kazi ya kupima vituo vya polisi kwa takwimu: kipi kinafanya vizuri, kipi kinalalamikiwa, kipi kipewe pongezi. Hongera sana. Lakini kaa chini kwanza, haraka haraka haina baraka. Kazi yako hiyo mimi niliifanya kabla mama yako hajazaliwa, nilipokuwa karani mdogo wa wilaya kule Newala, vita vya Msumbiji vikinguruma ng'ambo ya Ruvuma.

Mimi ni mtoto wa Masasi, unajua, wa nyumba ya wachuuzi. Baba yangu aliuza kanga na chumvi, na hakutaka kabisa kusikia habari ya binti yake kupanda Newala kukaa peke yake. Nilipanda hivyo hivyo. Nilikuwa na kichwa kigumu, na bado ninacho, kamuulize babu yako.

Wakati huo watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na ndege za Wareno zilikuwa zikipita juu ya mikorosho yetu. Kila mtu alimwogopa mgeni, na mwisho jirani naye akaanza kumwogopa jirani, asije akawa jasusi. Basi kikafunguliwa kituo kidogo cha polisi katika kijiji kimoja ukingoni, pale ardhi inapoporomoka kuelekea mtoni. Jina la kijiji silisemi. Waliobaki wana watoto na wajukuu, na wamechoka kuulizwa.

Vituo vyote vilituletea hesabu zao wilayani. Kimoja kilileta wizi wa kuku, kingine ugomvi wa mipaka ya mikorosho, kingine askari aliyelewa akampiga shemeji yake. Kile cha ukingoni kilileta usafi mtupu. Malalamiko, hakuna. Mahabusu, hakuna. Wizi, hakuna. Tangi la maji, moja, linahudumia kijiji kizima. Bwana Lameck, mkuu wangu wa kazi, mtu wa bara huko, mpole ila mwenye haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, aliipiga meza kwa furaha. "Hiki ndicho kituo cha mfano," akasema. Wakubwa nao wakapenda. Ikaamuliwa twende tukathibitishe, na tukishathibitisha, mtindo wa Sajini wa pale ufundishwe vituo vyote vya wilaya. Sikiliza vizuri hapo, mwanangu: vituo vyote.

Tukaenda. Njiani tuliwapita wanawake wakipandisha mteremko na ndoo na mitungi kichwani, wametoka kuchota maji bondeni, jasho linawatiririka hadi miguuni. Dereva aliwapigia honi. Hawakugeuka.

Tulifika jua limeshapanda. Moshi ulikuwa ukitoka majikoni, muhogo umeanikwa, na mahali fulani kinu kilikuwa kikitwangwa. Dereva akazima gari. Kinu kikanyamaza.

Nikaenda nyumba ya kwanza kuomba maji ya kunywa. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Nilikiona kwa macho yangu kivuli cha mtu nyuma ya mlango, kimesimama tu. Ndani mtoto akaanza kulia, kisha kilio kikakatika ghafla, mtu kamziba mdomo. Nyumba ya pili, vilevile. Ya tatu, uji ulikuwa ukichemka juu ya mafiga, ukapanda, ukamwagikia motoni, na hapakutokea mkono wa kuuinua. Niliusikia ukiungua. Loo! Jua lote lile na mimi nilijikunyata kwa baridi.

"Wako mashambani," akasema Bwana Lameck.

"Mashambani na uji uko motoni, Bwana?"

Akacheka. Mimi nikawaza: Mmakonde amnyime mgeni neno la karibu? Hata wakati wa njaa sijapata kuliona jambo hilo.

Sajini akatoka kituoni kutupokea. Angekuwa na pembe ningeelewa mapema, lakini alikuwa mtu nadhifu, sauti ya chini, kaptula imepigwa pasi hata ukiigusa utajikata. Alinipa kiti mimi kwanza. Akatuonyesha chumba cha mahabusu, kitupu, kimefagiliwa, kinanukia dawa. Kisha akapuliza filimbi mara moja tu. Basi watu wakatoka, mwanangu, wakatoka katika nyumba zile zile nilizopigia hodi, wakaja wakakaa chini kwa mistari bila kusukumana wala kunong'ona. Wanamgambo wakasimama nyuma yao.

Bwana Lameck akaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine. "Hali ya usalama hapa ikoje?"

"Salama."

"Na wewe, mama?"

"Salama."

Akawa anatia vema kwenye fomu yake, vema, vema, vema. Walijibu wote kwa sauti moja, ile ile, mpaka nikaona mtu ni mmoja tu anabadilisha nyuso.

Sasa wewe unazijua salamu zetu. Mtu amefiwa asubuhi; ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia salama. Huo si uongo, ni adabu. Kisha anavuta pumzi, anasema "ila", na nyuma ya hiyo "ila" ndipo msiba ulipo. Bwana Lameck hakuwaachia nafasi ya kuvuta pumzi. Mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye chale za kimila mashavuni, alijibu salama kisha akabaki amesimama, midomo imefunguka kidogo. Bwana Lameck alishamgeukia mwingine. Mwanamgambo akamgusa bega, akakaa.

Nilipokwenda kwenye gari kuchukua karatasi, yule mama akapita karibu yangu, anajifanya anaokota kuni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Binti, kwenu ukiulizwa habari unajibuje?"

"Salama."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo nasema habari yenyewe."

"Basi bwana wako ameandika salamu akadhani ni habari. Kwenu hawakukufundisha kumngoja mtu amalize?" Aliniangalia kwa hasira ya mzazi, nikainamisha uso. "Mimi ni Mama Hamisi. Hamisi wangu alikuwa anachonga mpini wa jembe. Askari wakapiga hodi kwa upole kabisa, akaitikia karibu. Wakasema anakwenda kuulizwa maneno mawili tu. Hajarudi. Nikienda kituoni Sajini ananionyesha kile chumba kitupu, ananiambia mwanao kavuka Ruvuma kwa Wareno. Wengine nao hivyo hivyo, walioitikia hodi ndio waliochukuliwa. Leo nanyi mkiandika hapa hapana mtu aliyefungwa, nani atamtafuta tena mwanangu?"

Akaondoka na kuni zake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wakati huo sikuwa mzazi.

Mchana tukaalikwa chakula kwa mwenyekiti wa kijiji, kuku wa nazi. Sajini na askari wake wote wakaja. Bwana Lameck akajipapasa mfukoni, akaona ameisahau miwani kituoni, akanituma. Nikaenda peke yangu. Kituo kilikuwa wazi, hakuna mtu. Nikasimama kizingitini, na kwa mazoea tu ya kulelewa vizuri, nikasema, "Hodi."

"Karibu."

Mwanangu, niliganda. Chumbani hamna mtu. Mahabusu hamna mtu. Sauti ilikuwa imetoka chini, upande wa uani. Miguu ikanipeleka yenyewe. Uani palikuwa na tangi la serikali la kuvunia maji ya mvua, la saruji, limechimbiwa ardhini, na juu ya mfuniko wake wa chuma yamepangwa mawe makubwa. Nikainama.

"Hodi," nikasema tena, taratibu.

"Karibu," ardhi ikaniitikia.

Sikujua la kusema. Nikasema lile ambalo mtu husema. "Habari zenu?"

"Salama."

Nikangoja.

"Ila tuna kiu."

"Mko wangapi?"

Kisha ile sauti ikasema, "Tunaoitikia ni wachache."

Miwani niliiacha huko huko.

Nilirudi kwa mwenyekiti. Ningemnong'oneza Bwana Lameck, angesema tuondoke kwanza tukaripoti, na sisi tukiondoka, nani angewakuta wale watu hai? Kwa hiyo nilisimama mlangoni, nikazusha kisingizio kwa sauti ya kusikika hata nje: "Bwana Sajini, gari letu limekauka maji. Tunaomba ndoo moja kutoka tangi la kituo."

Tabasamu lake halikubadilika. "Tangi limepasuka, binti. Halina maji."

Hapo Bwana Lameck akaacha kutafuna. Usimdharau mtu wa hesabu. Unaweza kumdanganya kuhusu binadamu, lakini tarakimu ikimkosea anaumwa tumbo. "Mbona kwenye taarifa yako umeandika linahudumia kijiji kizima?"

"Nilipitiwa, mzee."

"Wale wanawake wa asubuhi walikuwa wanatoka bondeni na maji," Bwana Lameck akasema polepole, akijisemea. Akanawa mikono. "Basi twende tukalione, nirekebishe taarifa."

Njia ya mwongo fupi, mwanangu, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Tulipotoka, Mama Hamisi alikuwa amesimama njiani. Akatufuata. Nyuma yake mwingine, kisha mwingine, mpaka nikawa nasikia nyayo tu, maana hakuna aliyesema. Kufika uani Sajini akasimama mbele ya tangi, akasema mawe yale ni ya usalama wa watoto. Mama Hamisi akampita kama anavyopita kisiki. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya chuma.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi, wanangu."

"Karibu," ikaja ile sauti, nyembamba.

Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema hodi. Kisha mzee mmoja. Kisha wote, kijiji kizima, watu waliokuwa wameapa kulisahau neno hilo, wakawa wanaliita ardhini, hodi, hodi, hodi. Mwanamgambo mmoja, mwenyeji wa pale pale, akatupa rungu lake akaanza kuyabingirisha mawe huku analia. Wenzake wakamsaidia. Sajini alibaki akinyoosha kaptula yake, hana wa kumwamrisha.

Sitakueleza harufu iliyotoka. Walitoka watu wamefumba macho kwa jua, wengine wamebebwa. Aliyekuwa akiitikia alikuwa mkulima wa korosho wa makamo, ngozi na mifupa. Mama Hamisi akamshika kidevu, akamtazama, akamwachia. Akawatazama wengine mmoja mmoja.

"Hamisi wangu?"

"Aliitikia mpaka juzi, mama," yule mkulima akasema.

Hakupiga yowe. Laiti angepiga. Alikaa chini pale pale penye mawe, akavua mtandio wake, akautandaza juu ya mdomo wa tangi kuwafunika wale waliobaki ndani, maana hakujua yupi ni wake.

Gari likawapeleka wagonjwa hospitali ya misheni Ndanda. Sajini akapelekwa mbele ya wakubwa wake chini ya ulinzi wa wanamgambo, na mwisho wake sikuusikia. Mimi na Bwana Lameck tulibaki kijijini. Na hili ndilo nilitaka ulisikie hasa. Bwana Lameck alimwendea Mama Hamisi, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya ofisini. Akamwambia, "Pole, mama. Una hali gani?"

"Salama, baba," akasema yule mama. Adabu haikumtoka hata hapo.

Bwana Lameck akaweka kalamu chini. Akangoja. Kuku wakapita, upepo ukapita, yeye anangoja tu.

"Ila," akasema Mama Hamisi, na akasema mpaka jua likashuka. Naye akaandika kila neno, machozi yakimdondokea karatasini, hakujali nani anamwona.

Mwanangu, sikukatazi takwimu. Bila ile tarakimu ya tangi tungekula kuku tukaondoka. Lakini ukikuta sifuri usishangilie. Vaa viatu uende. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kituo kinacholalamikiwa, angalau watu wake bado wanaamini yuko wa kuwasikia. Wala usimuulize mtu habari za mwenye rungu, mwenye rungu akiwa amesimama nyuma yake, hapo utaandika hofu uiite amani. Linganisha unachosoma na unachokiona njiani, hata kama ni wanawake wa watu na ndoo zao. Na mtu akikujibu, usimkimbilie wa pili. Subiri amalize, hata kama mkuu wako anaangalia saa, hata kama fomu haina nafasi ya maneno mengi. Andika pembeni. Andika nyuma.

Nenda sasa, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutangulie uendako, aupe ulimi wako ujasiri na moyo wako utulivu, asikujaalie cheo kitakachokuziba masikio. Na kila utakapopita haraka juu ya idadi ya watu, akukumbushe kwamba kila mmoja wao ana mama yake.